Mama yangu alivyoondoka na lori la waomba hifadhi, kisa kusindikiza wageni

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni msomaji wenu wa kimyakimya, leo nimeshindwa kunyamaza. Haya yamenikuta mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe mganga kanikataza, presha.

Sitataja kijiji, wala nchi walikotoka wale watu. Nawajua nyie, nikitaja nchi tu uzi unageuka siasa. Jueni ni Kyerwa huku, kata za mpakani, upande wa Nyakatuntu na Bugomora, na wageni wenyewe walivuka mto.

Mimi ni mtunza ghala wa chama cha msingi cha kahawa. Msimu ulikuwa bado, ghala tupu. Ikaja taarifa kutoka wilayani kwamba kuna waomba hifadhi wamefika, watafutiwe pa kulala mpaka serikali itakapowapeleka kambini Kigoma.

Shule imejaa watoto. Zahanati ina chumba kimoja cha kulaza. Kikao cha kijiji kikatazama huku na huku, mwisho macho yote yakanigeukia mimi mwenye ufunguo.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa naogopa moto, naogopa kipindupindu, naogopa msimu uanze kahawa ikose pa kuwekwa. Nikiona moshi tu nyuma ya ghala, mbio. Watu wakawa wananicheka, eti nalinda kahawa ambayo haijavunwa.

Tuseme haki, serikali ilijitahidi. Turubai zikagawa ghala vyumba, vyoo vikachimbwa, tangi la maji likaletwa, mganga wa zahanati akawa anapita asubuhi. Mablanketi yalikuja. Unga na maharage vilikuja.

Sasa hapo kwenye unga na maharage ndipo kwenye kisa.

Kwetu Wanyambo, mgeni akilala kijijini kwako bila kula ndizi, hajapokelewa. Unaweza kumpa pilau, atakuwa ameonja tu. Mama yangu, mjane, mama wa usharika, aliposikia wageni wanakula ugali na maharage asubuhi na jioni, aliniuliza:

"Kwani wamefungwa? Wameiba nini?"

Kesho yake nikamwona anapandisha kilima na sufuria la ndizi kichwani, limefunikwa majani ya mgomba, na mkononi kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Utadhani anapokea mkwe.

Ikawa ndiyo kawaida. Wanawake wengine wakamfuata, hawa leo, wale kesho. Lugha ya wale wageni na Kinyambo chetu zinasikilizana kiasi, kwa hiyo maneno yalikuwa mengi na mimi ghala langu likageuka uwanja wa harusi.

Kuna binti mmoja pale, nimwite Jenerosa. Alijifungulia njiani kabla hawajavuka mto. Mume hajulikani alipo, mama yake naye hajulikani alipo. Mama yangu akamfanya wake. Jirani yetu Ma Koku akamtania Mama, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Mama akamjibu, "Ana kichanga. Jembe atalishika kwa mkono gani, waitu?"

Basi, siku ya kuondoka ikafika. Lori lilikuja mchana na maafisa, wana haraka, maana wingu la mvua lilishajifunga na barabara yetu ikilowa ni utelezi mtupu.

Niwaeleze kitu wasiotoka huku. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unampokea mzigo, unamsindikiza mpaka njia panda, mnaongea, ndipo unarudi. Ukimuagia mlangoni ni kama umemfukuza.

Kwa hiyo wanawake walikuja wengi kusindikiza. Mama alikuwa amembeba kichanga cha Jenerosa mgongoni, kwa kitenge chake cha umoja wa wanawake, kile cha zambarau chenye msalaba. Jenerosa alikuwa na homa, anatembea kwa kushikiliwa.

Mimi nilikuwa ndani ya ghala nakunja turubai. Nikasikia bodi ya lori inafungwa, injini ikanguruma, wanawake wakapiga vigelegele. Nikashusha pumzi. Aisee, nilishusha pumzi kweli. Nikasema sasa presha itatulia.

Nikapita nyumbani. Moto unafuka, mlango wazi, Mama hayupo. Nikamuuliza Ma Koku.

"Si amepanda na wageni wake?"

"Amepanda wapi?"

"Kwenye lori. Anawasindikiza njia panda. Hujamwona kumbe?"



Wanawake wote walimwona anapanda. Hakuna aliyepiga kelele, maana kwetu gari lolote linakupa lifti mpaka njia panda, unagonga bodi unashuka. Mama naye alijua hivyo. Alipanda amkalishe Jenerosa pazuri, bodi ikafungwa, akasema moyoni nitashukia njia panda. Na maafisa wangejuaje? Wanaona bibi ana mtoto mgongoni, anaongea lugha ileile, kakaa katikati ya wenzake.

Nikakimbia njia panda. Hakuna mtu. Alama za tairi za lori tu kwenye vumbi, zimepita moja kwa moja bila kusimama.

Mama hana simu. Mtendaji wetu nampigia, hapatikani. Na kibaya kuliko vyote, Mama hana kitambulisho cha taifa. Si kwamba hakwenda. Alikwenda mara kadhaa, mashine inakataa vidole vyake. Amelima tangu utotoni, ngozi ya vidole imelika, imebaki laini haina mstari. Kila akienda anaambiwa apake mafuta arudi.

Nyie wa Dar mnaweza msielewe hofu hiyo. Huku mpakani karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuulizwa "wewe wa wapi hasa?" Sasa bibi asiye na kitambulisho, Kiswahili cha kuokoteza, yuko kwenye lori la waomba hifadhi. Akishafika Kigoma, nani atamtoa? Na dawa zake za presha ziko kwenye kopo juu ya kabati.

Nikachukua bodaboda. Sikurudi kuvaa koti, sikuchukua hata pochi. Nilichokuwa nacho mkononi ni ufunguo wa ghala, na ghala lenyewe sikukumbuka kama nimelifunga.

Mvua ilitukutia Kimuli. Dereva anasema tujikinge, namwambia kanyaga. Tuliteleza tukaingia kwenye migomba ya watu, tukatoka, tukaendelea. Kila tukipanda kilima natazama mbele kama nitaona turubai ya lori. Nilikuwa nasali kwa sauti, dereva naye akawa anaitikia amina.

Tulilikuta kwenye kizuizi, karibu na Omurushaka. Limesimama. Nilitaka kulia pale pale.

Nikamfuata afisa, kijana mwenye lafudhi ya pwani.

"Afande, mama yangu yumo humo."

"Mama yako ni mwomba hifadhi?"

"Hapana, ni mkulima wa hapa Kyerwa."

"Kitambulisho chake?"

Nikaanza kueleza habari za vidole. Akanitazama kwa huruma kidogo, na uchovu mwingi.

"Mzee wangu, hadithi ya vidole naisikia kila siku. Haya, cha kwako?"

Cha kwangu kiko kwenye pochi, pochi iko kwenye koti, koti liko kwenye msumari nyumbani. Nikamwonyesha ufunguo wa ghala. Wakuu msicheke, akili ilikuwa imeruka.

Akaenda nyuma ya lori, akamuuliza Mama kwa Kiswahili ni nani na kazaliwa wapi. Mama huwa haogopi mtu, mchungaji mwenyewe hukosolewa naye. Lakini sare zilimtisha, na Kiswahili chake kidogo kikayeyuka chote. Akajibu kwa Kinyambo. Afisa akanigeukia, kama anasema unaona sasa?

Ndipo akamuuliza Jenerosa, aliyekuwa ameegemea bega la Mama.

"Huyu bibi ni wa kwenu?"

Fikirieni nafasi ya yule binti. Ana homa, ana kichanga, anakwenda asikokujua, hana mtu. Akisema ndiyo, anapata mama. Neno moja tu, na nani angembishia?

Alimtazama Mama. Machozi yakamtoka. Akasema kwa Kiswahili cha kujikongoja:

"Hapana. Huyu si wa kwetu. Huyu ndiye mwenye nyumba. Sisi ndio wageni wake."

Na wenzake wakadakia, "Mwenye nyumba! Mwenye ndizi!"

Afisa akaenda kuongea na mkubwa wake pembeni. Aliporudi akafungua bodi mwenyewe na kumpa Mama mkono ashuke.

Mama akagoma!

Akasema asubiriwe. Akamfungua mtoto mgongoni, akamfunga vizuri kwa mama yake kwa kile kitenge cha zambarau, akakaza fundo, akalijaribu kwa mkono. Afisa akasubiri, mvua inamnyeshea. Ndipo akashuka, kabaki na gauni tu.

Tulirudi mishikaki kwenye bodaboda, Mama katikati anatetemeka. Ghala kweli nililiacha wazi. Hakikupotea kitu. Mlangoni kulikuwa na sufuria la Mama, limeoshwa likang'aa, limefunikwa juu chini. Wageni walikuwa wameliacha pale, nami wakati nakunja turubai sikuliona.

Nikamfokea. Hofu ikiisha huwa inageuka hasira, mnaijua. Nikamwambia Mama utaniua, huna kitambulisho, unapandaje magari ya serikali? Aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Mimi nimepotea mchana mmoja, umenifuata mpaka Omurushaka. Yule akipotea, anafuatwa na nani?"



Nilichojifunza: mambo ya vitambulisho vya wazee wetu msiyapuuze, hasa mlio mpakani. Mimi mtu aliyenithibitishia mama yangu ni raia alikuwa hana karatasi hata moja, na kule kusema kweli kulimgharimu.

Tumempeleka tena Mama kwenye mashine, imekataa tena. Mwenye mzazi ambaye vidole havisomi na akafanikiwa, anielekeze alipitia wapi. Wa kunicheka kwa ufunguo nao karibuni.

Na wewe uliye Kigoma jirani na kambi, ukimwona binti aliyebeba mtoto kwa kitenge cha zambarau chenye msalaba, nakuomba umwambie Mama alifika nyumbani salama. Kila asubuhi ananiuliza kama wageni wake wameshapata habari.