Makoti Ishirini na Manne

Kwa miaka kumi na tisa Smaranda Cozma alikuwa akikalia dawati la nyuma katika madarasa ya watu wengine. Siku nne za juma alifundisha Kiingereza mjini; siku ya tano wilaya ilimtuma vijijini kuwapima walimu wenzake. Katika miaka yote hiyo alitoa alama kumi kwa kumi, mara chache tisa, kama wafanyavyo wakaguzi wengi wa Rumania. Baada ya kumi huja meza ya chakula.

Novemba hiyo alikuwa katika kijiji cha Valea Surdă, kwa Ilinca Bordea, binti wa miaka ishirini na sita aliyefundisha kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Akipata chini ya nane, hataruhusiwa kufanya mtihani wa kuthibitishwa kazini, na Septemba darasa lake atapewa mwingine. Ilinca alilijua hilo. Smaranda pia, na hata mwalimu mkuu Gavril Toader, aliyeketi ubavuni mwake akinukia marashi.

Somo lilihusu kuuliza njia. Ilinca hajamaliza swali, mikono imeshainuka. Mtoto wa kwanza alimwelekeza mgeni wa kubuni kituo cha treni, wa pili benki, wa tatu akajibu swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa.

"Wako moto hawa," mwalimu mkuu alinong'ona.

"Wamepikwa," Smaranda akajibu.

Lakini hilo halikumkera sana. Nani hajawahi kulifanyia somo mazoezi? Daftari la mahudhurio ndilo lililomkera. Majina ishirini na manne, waliopo kumi na tisa, watano wagonjwa. Akatazama makoti ukutani, akayahesabu. Akayahesabu tena. Ishirini na manne.

"Hawa watano wanaumwa nini, bwana Gavril?"

"Mafua, mama. Ya mwaka huu mabaya."

"Yamewaacha wao nyumbani, yakaleta makoti shuleni?"

Mwalimu mkuu akasogeza kiti karibu. "Mama Smaranda, tusiharibiane siku. Mke wangu kaamka alfajiri kuviringisha sarmale za nyama na kabichi."

Smaranda angeweza kunyamaza, aandike kumi, awahi basi la saa nane. Akisimama, huenda akamfukuzisha kazi binti huyu kwa kosa ambalo wilaya nzima inalifanya. Akasimama.

"Samahani, mwalimu. Wenye makoti haya wako wapi?"

Chaki ikasimama ubaoni. Kasichana ka mbele kakajibu badala ya Ilinca: "Wako ukumbi wa mazoezi, mama. Wanalinda mipira."

"Zimebaki dakika kumi na tano. Waitwe."

Watano wakaingia, wakajipanga mlangoni kama waliokamatwa. Ilinca akalitazama andalio lake la somo, akaligeuza uso chini. Kisha akamwita Anuța, msichana mrefu aliyerudia darasa mara mbili, akamuuliza kwa Kiingereza, polepole: kutoka kanisani, kwenu ni wapi?

Anuța akatazama sakafu. Mtu akaguna kicheko. Dakika nzima ikapita, na Smaranda akajikuta amekunja vidole vya miguu ndani ya buti. Ilinca hakumtilia msichana jibu mdomoni. Alichora kanisa ubaoni, akampa chaki. Anuța akachora mto, daraja, mbwa mkubwa, nyumba. Halafu akasema, kwa Kiingereza cha kukatakata: "Kanisa. Daraja. Mbwa anauma. Kimbia. Nyumba."

"Mbwa wa nani?" mtoto mmoja akadakia, kwa Kiingereza hichohicho. Hilo halikuwa limefanyiwa mazoezi.

"Wa mwalimu mkuu."

Darasa zima likacheka, Anuța akiwemo. Kengele ikalia.

Ofisini sarmale zilikuwa zikitoa mvuke. "Tule kwanza," alisema Gavril.

"Tuandike kwanza. Nani aliwatoa watoto?"

Gavril akaanza kupanga sahani.

"Bwana mkuu alishauri," Ilinca akasema. "Lakini majina niliyasoma mimi. Anuța aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia hakuna."

Smaranda akafungua kalamu. Kuwaficha watoto walio nyuma kimasomo kulistahili saba. Saba ingemwondoa Ilinca, na Gavril angewaficha tena watano walewale chini ya mwalimu mpya. Zile dakika za mwisho, kwa upande mwingine, hakuwa ameona mfano wake tangu majira ya joto. Akaandika nane, alama ndogo kuliko zote alizowahi kutoa.

"Nane?" Gavril akaweka chini chupa ya mvinyo aliyokuwa akiifungua. "Mama, hapa hajapata mtu nane. Watatucheka."

"Wacheke. Ukaguzi wa pili ni Machi, na siku sitaitaja." Akamgeukia Ilinca. "Nitawahesabu kwanza, ndipo nikae."

"Na Anuța akinyamaza?"

"Atanyamaza akiwa darasani."

Ilinca akaisoma ile namba mara mbili, akatia saini chini yake, akaenda kwenye darasa la saba, ambalo lilikwisha kuanza kupiga kelele.