Kiti Alichokiruka Mama Vumbi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukumbi wa baraza la madiwani bado una baridi ya usiku. Mwanamke mwenye koti la buluu la kazi anapita kati ya safu za viti, ndoo mkono wa kushoto, kitambaa mkono wa kulia. Anafuta kiti, anasogea. Anafuta kingine, anasogea. Leo hasimami popote. Leo haombi.

Mfukoni ana barua iliyokunjwa mara nne. Saa nne kamili atasimama mbele ya kamati kujibu shitaka la kufanya ushirikina kwenye kiti cha mwenyekiti wa baraza. Akitiwa hatiani, hana kazi.

"Miaka kumi na moja nafuta vumbi la hawa watu," anasema bila kuinua kichwa. "Leo mimi ndiye mchawi."

Ofisi nzima humwita Mama Vumbi. Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, na mshahara wake sasa unalisha midomo mitano.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa na desturi yake. Akimaliza kufuta, alianza safu upya. Kitambaa alikitupia begani, akaweka kiganja kitupu juu ya kila kiti na kumwombea mwenye kiti kwa jina lake. Viti ishirini na vitatu, wenyewe wa chama hiki na wa chama kile, mpole na mbabe, msema kweli na msema uongo.

"Maandiko yametuagiza tuwaombee wenye mamlaka," anasema. "Hayakusema wale wanaotufurahisha tu. Na kumwombea mtu si kumpigia makofi."

Kwa nini kiganja kitupu? Anashangaa kuulizwa. "Mtu mzima humsalimii na kitambaa cha vumbi mkononi, sembuse Mungu!"

Kisha tingatinga likaja. Vibanda arobaini na kimoja vya kando ya soko vililala chini asubuhi moja, kwa amri iliyotiwa saini na mwenyekiti. Mwenyewe alikuja kusimamia. Cha tisa kuanguka kilikuwa cha binti wa Mama Vumbi, msusi wa nywele. Alichookoa ni kioo na kiti kimoja.

Jioni ile binti alimkazia mama yake macho. "Kesho utamwombea tena, mama?"

Kesho yake, mama alipofika kiti cha mbele, cha mwenyekiti, alikiruka.

Alikiruka wiki tatu. "Kufuta nilikifuta, maana ndiyo kazi. Kuomba, mdomo ulikataa. Lakini kila siku nilirudi nyumbani kama mtu aliyeacha jiko linawaka."

Jumatatu ya wiki ya nne alirudi kwenye kiti kile. Alisimama muda mrefu, midomo ikicheza, machozi yakidondoka juu ya ngozi nyeusi ya kiti. Wakati huohuo mlinzi akachungulia mlangoni. Aliona mkono, midomo na matone ya maji, akakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki.

Tangu siku hiyo mwenyekiti hakukikalia tena. Kiti kilitolewa uani kikaanikwa juani, na vikao viwili akaviongoza akiwa kwenye kiti cha plastiki. "Mgonjwa amelazwa nje," makarani wakataniana, "tunasubiri vipimo."

Saa tatu na nusu mlinzi anamfuata Mama Vumbi kwenye korido, kofia mkononi.

"Mama, sema ulikuwa unafuta vumbi tu. Mimi nitasema sikuona vizuri. Yataisha."

"Kitambaa kilikuwa wapi?"

"Begani."

"Basi umeona vizuri, baba. Ulichodhani ndicho kilichonichoma."

Mlangoni binti yake anamshika mkono. "Uongo mdogo tu, mama. Watoto watakula nini?"

Mama anautoa mkono taratibu, anaingia.

Meza ina watu watatu, katibu wa baraza katikati. Mwenyekiti, mlalamikaji, amekaa pembeni, mguu mmoja ukitikisika. Hamngoji katibu.

"Ulikuwa unasema nini kwenye kiti changu?"

"Mheshimiwa, wiki tatu sikusema kitu. Nilikiruka."

"Kwa nini?"

"Ulimbomolea binti yangu."

Kalamu ya katibu inasimama. Mguu wa mwenyekiti nao unasimama.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nilirudi. Nilisema, Bwana, huyu mtu mpe masikio."

"Masikio?"

"Ndiyo. Macho unayo. Ulikuja na tingatinga, ukaona."

Mjumbe mmoja anageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti hacheki. Anamtazama mwanamke huyu kana kwamba leo ndiyo mara ya kwanza anamwona, na huenda ndivyo.

"Hakuna dawa uliyoweka?"

"Machozi, mheshimiwa. Niliyafuta baadaye."

Kamati inamtoa nje. Dakika arobaini anasimama ukutani, mikono kifuani. Anaporudishwa, mwenyekiti ameshaondoka. Katibu anasoma uamuzi: ushirikina haukuthibitika, mfanyakazi atabaki kazini akiwa na onyo la maandishi, na kuanzia leo haruhusiwi kugusa kiti chochote cha ukumbini bila kitambaa cha kazi mkononi.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa." Anafikiri kidogo. "Ninapokifuta nimekatazwa kusema?"

Katibu anainamia karatasi zake. "Hilo halikuandikwa."

Kuhusu vibanda, hakuna aliyeahidi chochote. Mama Vumbi hajidanganyi. Mpango wake ni mmoja: kesho saa kumi na mbili atakuwa ukumbini, na kitambaa kitaoshwa usiku huu kwa sabuni, kikaushwe, kikunjwe vizuri. "Kama Mungu nitamsalimia na kitambaa mkononi," anasema, "basi kiwe safi."

Nje, mlinzi na mwenzake wanakirudisha ndani kile kiti cheusi, wamekishika kwa ncha za vidole. Binti anawapisha, anakitazama kikipita.

"Hicho kesho kifute mara mbili, mama," anasema. "Kina vumbi la kibanda changu."

"Nitakifuta polepole, mwanangu."

"Na lile ombi la masikio," binti anasema, "usilisahau."