Jagi la Shemeji

"Mbolea yako inashuka mtoni, shemeji, na ofisini nimeshakushtaki!"

Mama Vipimo alisimama katikati ya matuta ya mboga, buti zimejaa tope. Mdogo wa mumewe akatupa jembe.

"Mbolea gani? Msimu huu sijatia hata punje! Hicho kidude chako kimelewa."

"Kidude hakinywi. Wanywaji tunawajua."

Kazi ya Mama Vipimo, aliyopewa na ofisi ya maji, ilikuwa kupita kando ya mto na kipimo cha mkononi, kidogo kama rimoti ya televisheni, chenye ncha ya kuchovya. Kilisoma naitreti, ile chumvi ya mbolea inayonenepesha mwani wa kijani majini mpaka samaki wakose pumzi. Kipimo cha kwanza kilimponyoka kikaenda na maji. Tangu hapo hakichovyi mtoni ng'o. Anateka kwa jagi, anapimia nchi kavu. Majuzi jagi lake lilipasuka, akaazima la huyu huyu shemeji, na kuanzia hapo namba za mto chini ya bustani yake zikapaa. Kesho ofisi ingekuja kufunga bustani, na watoto wanaokula kwa bustani hiyo humwita yeye mama mkubwa. Usiku wa jana usingizi haukumjia.

"Haya, pima mbele yangu," alisema shemeji.

Wakapanda na mto hadi juu ya bustani, kusikolimwa na mtu. Akateka kwa jagi, akapima. Namba ile ile, juu.

"Na huku nalima mimi?"

"Labda ndotoni," alijibu Mama Vipimo, lakini uso ulishabadilika. Akamimina kwenye jagi maji yake ya kunywa, ya chupa. Juu! Akachovya ncha ndani ya chupa yenyewe. Chini kabisa.

Akaligeuza jagi, akalitikisa. Mkono wa jagi, ulio mtupu kwa ndani, ukalia cha-cha-cha. Kwenye kijitundu palipoungana mkono na tumbo, ukadondoka uji mweupe wa punje.

"Shemeji, hili jagi ulikuwa unalifanyia nini?"

Akajikuna kisogo. "Mwaka jana... kuchotea mbolea. Lakini nililisuuza!"

"Ulisuuza tumbo. Mkono je?"

Mama Vipimo akapiga simu palepale. "Bosi, nimekosea. Bustani haina kosa, kosa ni la jagi... Ndiyo. Ndiyo, napima upya mto mzima." Akakata, akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Hawaji."

Shemeji alikaa chini kwenye majani, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanamke wewe! Umenishtaki kwa jagi langu mwenyewe!"

"Kucheka huko kunakusaidia nini? Niwie radhi, basi." Alisema haraka haraka, akitazama mto, kama anayemeza dawa chungu. "Na shika jagi lako. Asije mtu akasema nimekalia vya watu."

Shemeji akalipokea, akachungulia ndani ya mkono wa jagi, akakung'uta punje kwenye kiganja na kuzifumbata vizuri.

"Zinatosha tuta moja," alisema. "Hatudaiani, shemeji."

"Ukizitia karibu na mto nitaziona," akasema Mama Vipimo, na safari hii alikuwa anacheka.