Swali la koko kwa wanafizikia wa Japani

Leo koko wangu, bibi mzaa baba, amewauliza wageni swali moja katika ukumbi wa kanisa hapa Sekei, chini ya Mlima Meru.

Wageni walikuwa wanafizikia kutoka Japani. Wanataka kuweka kifaa mlimani, kinase chembe ndogo mno zinazotoka angani na kupenya miamba, ili waone ndani ya Mlima Meru kulivyo.

Mimi ndiye niliyetafsiri. (Kiingereza chao na changu, tulisaidiana tu.)

Koko akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo mashine inaona mifupa ya watu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Babu yangu alichukuliwa na Wajerumani kwenda kujenga boma pale mjini. Hakurudi. Baba alimtafuta mpaka naye akafa. Hatujui alizikwa wapi."

Nikatafsiri. Dada mmoja mtafiti akamwinamia, nami nikatafsiri jibu lake.

"Hapana, bibi. Inaona mwamba tu. Pole sana."

"Haya, asante," koko akasema, akaketi.

Njiani kurudi nyumbani akanishika mkono.

"Una hakika ulimwuliza vizuri?"

Nikamwambia, "Ndiyo, koko."

Jamani, ningemwambia nini kingine?