Ng na Ombe

Iko siku moja, mwanangu Paskalina, ambayo kila nikisikia mtu akisema "sina la kuongeza" inanirudia kama ya jana. Umekuja na barua yako ya mwaliko, umenipa shikamoo ukiwa bado mlangoni, ukaniuliza hicho kikao cha mataifa kinakuwaje na mtu anavaa nini. Vaa sweta. Huko baridi yake inashinda hii ya hapa kwetu Daudi. Lakini kabla ya sweta kaa kwanza, nikuambie jambo ambalo marehemu baba yako hakukusimulia. Alikuwa mtu wa kunisitiri, hata baada ya kuacha kuniita ndugu.

Mimi na baba yako Gidamis tulikaa dawati moja miaka minne ya sekondari. Yeye mtoto wa wafugaji wa Basotu, mimi mtoto wa wakulima wa huku juu, na unajua wazee wetu walivyokuwa wakitazamana kwa sababu ya mifugo. Watu walitushangaa. Shule ilipoisha yeye akawa msaidizi wa bwana mifugo huko huko kwao, mimi nikapata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea kompyuta. Usicheke. Wakati ule kijana wa Mbulu kusema anasomea kompyuta ilikuwa sawa na kusema anakwenda kulima mwezini. Mama yangu aliniuliza mara tatu kama kuna mshahara.

Huko nikakutana na lugha moja ya kuiagizia kompyuta kazi, inaitwa Lisp. Ilikuwa lugha ya zamani hata siku hizo, imejaa mabano, unafungua na kufunga, unafungua na kufunga, mpaka macho yanauma. Lakini ilinipendeza kwa sababu ilijua kushughulika na maneno, si hesabu tu. Nikamwandikia Gidamis. Ofisini kwao kulikuwa na kompyuta moja iliyoachwa na wataalamu wa mashamba ya ngano, imefunikwa kitambaa, hakuna aliyeigusa. Nikamtumia disketi kwa posta. Baba yako alijifunza Lisp kwa barua, mwanangu. Kwa barua! Swali lake linachukua wiki kadhaa kunifikia, jibu langu nalo wiki kadhaa kurudi, na bado alinipita.

Akaanza kuandika programu ya kumsaidia mfugaji aliye mbali na bwana mifugo. Mashine inauliza kwa Kiswahili: ng'ombe anatoa machozi? Tezi zimevimba? Anakula? Ukishajibu inakuambia kama inaonekana ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na ufanye nini kabla mtaalamu hajafika. Alitaka mtoto yeyote wa Basotu aliyefika darasa la nne aweze kuisoma.

Basi, tatizo likaanzia kwenye ng'ombe mwenyewe. Unaijua ritifaa, ile alama ndogo inayokaa katikati ya neno ng'ombe? Katika Lisp alama hiyo ina kazi nyingine kabisa. Inaiambia mashine: neno linalonifuata liache kama lilivyo, usiliguse. Kwa hiyo mashine ilipofika kwenye ng'ombe ikamkata katikati, ng huku, ombe kule. Halafu ikajibu kwamba haimjui ng ni nani.

Baba yako akaniandikia: "Ndugu yangu, leo nimechinja bila kisu." Nilicheka peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo nikawa Ng, yeye akawa Ombe. Barua zake zote zilianza "Kwako Ng" na kuishia "Wako Ombe". Mhudumu wa posta ya Basotu alimwuliza hao ni watu wa kabila gani.

Ipo njia ya kuepuka balaa hilo, sikufichi. Ukilizungushia neno vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule, mashine inalisoma zima. Nikamweleza. Akanijibu: "Yaani kila nikimtaja nimfungie zizini? Zizi ni la usiku, Ng. Mchana ng'ombe anatembea." Huyo ndiye alikuwa baba yako.

Sasa sikia habari ya kikao. Lisp ilikuwa imetawanyika. Wamarekani walikuwa na yao, Wafaransa yao, Waingereza na Wajapani hivyo hivyo, na programu iliyoandikwa kwa mmoja haikueleweka kwa mwingine. Wakaona aibu. Wakaitana, nchi kwa nchi, watafute Lisp moja ndogo ambayo kila mtu anaweza kuikubali, iandikwe kuwa kiwango cha dunia. Ofisi ya viwango ya hapa nyumbani, kwa kuwa mimi nilikuwa kule kule na nauli ilikuwa ya treni tu, ikaniandikia barua nikakae kwa niaba ya nchi.

Gidamis aliposikia hakulala. Akanitumia karatasi moja, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: "Waombe hivi. Ritifaa ikiwa katikati ya neno, imeshikwa na herufi pande zote mbili, ihesabiwe herufi. Ni hilo tu. Wakikataa wakatae, lakini wawe wamemsikia ng'ombe."

Nikaingia kikaoni na karatasi hiyo mfukoni mwa koti. Wazee wenye ndevu nyeupe walikuwa wanabishana mambo waliyoyabishania miaka. Mmoja anasema jina moja liruhusiwe kufanya kazi mbili, mwingine anasema kamwe, na wote wanaitana kwa adabu huku masikio yamewaiva. Siku ya tatu wakafika kwenye majina na alama. Ndiyo zamu ya ng'ombe hiyo.

Unajua kwetu kijana hakurupuki mbele ya wazee. Anangoja aambiwe, "Na wewe, una lipi?" Na unajua mzee akifunga kikao kwa baraka, watu wanamwitikia mstari kwa mstari, na watu wasipoitikia jambo halijaisha. Kwetu kimya ni "bado". Basi mwenyekiti akauliza, "Kuna anayepinga?" Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nikakaa kimya, nangoja aniite. Hakuniita. Akagonga meza kwa kalamu, wakafungua ukurasa mwingine. Kumbe kwao kimya ni "ndiyo"!

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile tulikuwa wengi na neno liliharibika, na aliyekuwa nalo mfukoni ni mimi.

Miaka mingi niliwasimulia watu hivyo, kwamba ni mila tu ziligongana. Ni uongo nusu. Muda wa chai ulikuwepo, ningeweza kumfuata mwenyekiti. Ukweli niliogopa. Niliogopa Kiingereza changu, nikaogopa wale wazee watacheka: wao wanajadili mambo makubwa, mimi nawaletea ng'ombe. Karatasi ya baba yako niliishika mfukoni mpaka ikalowa jasho.

Lakini hata hilo si kosa lenyewe. Kosa lilikuja niliporudi.

Nilipanda lori la ngano mpaka Basotu, mkononi nina nakala ya rasimu ya kile kiwango, zawadi. Gidamis alinipokea mbio, akaninyang'anya mzigo, babu yako akaniletea kibuyu cha maziwa. Hata sijameza, baba yako amekwisha kufungua karatasi kwenye ukurasa wa majina.

"Ulisema?" akaniuliza.

Mwanangu, ningeweza kusema "niliogopa". Ni neno moja. Nikamtazama usoni, jinsi alivyokuwa na furaha kuniona, nikashindwa.

"Nilisema," nikamjibu. "Wakakataa."

 Akatikisa kichwa akasema, "Basi. Kama walisikia wakakataa, ni baraza limeamua." Akanipiga bega. "Pole, Ng. Umefanya kazi ngumu."

Na yeye, kwa kuwa ametoka kwa watu wanaoheshimu baraza, akakaa mbele ya ile mashine kuondoa ritifaa moja moja, programu nzima. Ng'ombe akawa ngombe. Watoto wa wafugaji walipojaribu kuisoma wakacheka, wakauliza ngombe ndiye mdudu gani. Akawaambia msicheke, jambo hili lilipelekwa mbele ya mataifa na ndugu yangu mwenyewe. Alinitetea! Mimi nimekaa pembeni nakunywa maziwa yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa bahasha moja. Mwenyewe nilikuwa nimewaomba watu wa kikao nyaraka zao zote ziende kwa Gidamis, kwa sababu ndiye mwenye hamu nazo. Miezi ikapita, muhtasari ukaja. Siku kwa siku, nani alisema nini. Siku ya tatu, majina na alama, mjumbe wa Tanzania: hana maoni.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alinitumia ukurasa ule peke yake, bila barua, na chini ameandika jina lake kamili kama watu wanavyosaini risiti. Hakuandika Ombe.

Nikaenda Basotu mbio. Gidamis hakuwepo, au hakutaka kuwepo, sijui. Nikamkuta babu yako ameketi langoni mwa boma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Ungerudi ukasema uliogopa, tungecheka, tungekunywa maziwa, na mwanangu angekutuma tena. Mwoga hutumwa tena. Mwongo hatumwi."

 Nami sikuwa na la kusema. Siku hiyo kimya changu kilikuwa na maana moja tu.

Niliomba radhi, mwanangu, usidhani sikuomba. Niliandika barua. Nilikwenda kwenye harusi ya baba yako, na kwenye ubatizo wako, nikaleta mbuzi. Alinipokea vizuri. Alinisalimia, akaniuliza hali ya nyumbani, akanipa kiti kizuri. Na akaniita "Bwana Sulle". Miaka yote iliyobaki, Bwana Sulle. Tulikutana mnadani, "Habari za siku nyingi, Bwana Sulle." Hujui jinsi jina la mtu, jina lake halali alilopewa na wazazi, linavyoweza kumchoma. Nilikuwa nangoja labda siku moja ateleze aniite Ng. Nilisema nitakwenda nikae naye siku nzima, tuongee mpaka yaishe. Nikasema baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikasema baada ya masika. Halafu zikaja habari kwamba amelazwa, na nilipofika Basotu nikakuta watu wamekaa nje kwenye viti vya kukodi.

Namkumbuka. Sioni aibu kukuambia, namkumbuka kila siku. Nikisoma jambo la kuchekesha natafuta wa kumwandikia. Huku Daudi ukungu ukishuka asubuhi na ng'ombe wa jirani wanalia bila kuonekana, nasema moyoni, Ombe, hao hapo wazima. Ile mashine haikukosea, unajua. Ilisema haimjui ng ni nani. Ng akiwa peke yake hana maana, hata mimi mwenyewe simjui sawasawa.

Sasa wewe unakwenda kukaa na mataifa, wakipanga jinsi simu na kompyuta zitakavyosoma lugha zetu. Nilipoisoma barua yako niliinama nikajifanya natafuta miwani. Chukua bahasha hii. Ni kurasa za kwanza za programu ya baba yako, alizonitumia Ulaya kabla hajaondoa chochote, karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni. Ng'ombe wote wamo, hakuna aliyekatwa. Na juu hapo, kwa kalamu, ni mwandiko wake. Unasomeka, siyo? "Kwako Ng." Hiyo sikupi, hiyo nakuazima. Utairudisha.

Shika haya. Ukiwa umetumwa neno, liseme. Usingoje kuitwa, huko hawaiti mtu. Inua mkono, hata kama sauti inatetemeka na Kiingereza kinachechemea. Wakicheka, cheka nao kisha urudie. Wakikataa, umekataliwa, si aibu. Aliyekutuma atalala akijua alisikika. Na ukishindwa, maana unaweza kushindwa, sisi wote ni watu, basi rudi ukaseme "nilishindwa" siku ile ile, kabla hujavua viatu, kabla hujapokea maziwa ya mtu. Na kama kuna mtu una neno naye, usiseme baada ya mavuno.

Haya, inama nikubariki.

Njia yako iwe nyeupe. Mvua ikunyeshee nyuma, isikunyeshee mbele. Ulimi wako uwe mwepesi na moyo wako usiwe mwepesi. Wakubwa wakutazame kwa jicho jema. Uende ukiwa mzima, urudi ukiwa mzima, na neno ulilopewa lifike likiwa zima.

Mbona kimya? Itikia, mwanangu. Kwetu usipoitikia haijaisha.