Rangi ya Behewa la Mkiani

Mwaka ule reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi na kukomea hapo. Arusha gari moshi lilikuwa jambo la kusimuliwa tu, na msimuliaji mwenyewe alikuwa Loserian wa kijiji cha Sakina. Alipaka rangi mabehewa miaka miwili katika karakana ya Moshi, kisha akawekwa behewa la mkiani kuwa mtu wa breki, mpaka siku breki ilipombana mkono wa kushoto na kumwachia vidole viwili. Tangu hapo alikaa nyumbani akichonga vigoda na mizinga ya nyuki.

Mwanawe, Simel, alikuwa kwenye mnyororo wa wafungwa wa boma la Wajerumani. Alikuwa amekataa kwenda kubeba mawe ya barabara siku ambayo ng'ombe wao alikuwa anazaa. Askari akamsukuma, naye akamsukuma askari. Miezi sita. Loserian na mkewe hawakuwa na mtoto mwingine. Aliyemtangulia Simel alikufa akiwa bado ananyonya, na kwa desturi ya Waarusha jina lake halikutamkwa tena. Loserian, aliyekuwa akimwita mkewe kwa jina la mtoto huyo, alirudi kumwita kwa jina lake mwenyewe, Nanyori, hadi Simel alipozaliwa na kumpa jina jipya la kuitwa.

Mpima ardhi wa Kijerumani, ambaye watu walimwita Bwana Kamba kwa jinsi alivyoshinda akinyoosha kamba katika mashamba yao, ndiye aliyemwita Loserian bomani. Alitaka gari moshi dogo la mti, la kuweka mezani mbele ya wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, ili wapendezwe na habari ya kuileta reli mpaka Arusha.

"Anasema ukimaliza kabla wageni hawajafika, mwanao atafunguliwa siku hiyohiyo," alisema Solomoni, mkalimani.

"Muulize tena."

"Nimuulize mara ngapi, mzee? Unataka akuimbie?"

"Muulize tena."

Solomoni akauliza. Bwana Kamba akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye ramani yake.

Loserian alichonga kichwa cha gari na mabehewa manne kwa mti wa mringaringa. Matatu ya mbele hayakumchukua muda. La mkiani lilimkalisha siku tisa. Aliliwekea gurudumu la breki la kipande cha pembe, ngazi ya kupandia, taa ya ushanga mwekundu, na ndani benchi ndogo yenye kibonyeo pale alipokuwa akikalia yeye.

"Huko ndani nani ataona?" mkewe alimuuliza.

"Mimi, Mama Simel. Nimelala humo zaidi ya nilivyolala kwako."

"Basi lipikie na ugali."

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Kikopo cha rangi alichopewa kilitosha kichwa cha gari na mabehewa matatu, kisha kikaisha. Wageni walikuwa wanafika baada ya siku mbili, na rangi ilipatikana Moshi, mwendo wa siku tatu. Loserian akakumbuka karakana: fundi mkuu alikuwa akichanganya unga wa rangi na mafuta, basi. Unga mwekundu ulikuwamo nyumbani, ule udongo wanaojipaka morani, na mafuta ya kondoo yalikuwamo. Udongo ule ukimkaa morani kifuani hudumu siku nyingi. Akaona mafuta ni mafuta. Akachanganya, akapaka, akalianika behewa kivulini, na kwa baridi ya Meru likaonekana limeshika vizuri, jekundu kuliko mengine yote.

Siku ya wageni meza iliwekwa nje juani, imetandikwa kitambaa cheupe. Kufikia saa sita behewa la mkiani lilikuwa linang'aa kama uso wenye jasho. Mgeni mmoja mzee, mwenye suti nyeupe, akaliinua alitazame ndani. Alipolirudisha mezani, viganja vyake vilikuwa vyekundu, na kifuani mwa suti palikuwa na alama ya vidole vitano. Wenzake wakacheka. Mzee mwenyewe akacheka. Bwana Kamba peke yake hakucheka.

"Anasema kazi haijaisha," Solomoni alinong'ona. Safari hii hakuwa na mzaha. "Nenda kaimalize, mzee. Nenda sasa hivi."

Loserian alikwenda Moshi kwa miguu na kurudi na rangi aliyopewa na fundi wake wa zamani. Aliporudi akakuta kundi la Simel limepelekwa Nduruma kujenga daraja, kwenye majimaji na mbu. Alikwangua mafuta yote, akaosha mti kwa maji ya majivu, akapaka rangi mkono wa kwanza, akangoja. Wa pili, akangoja. Wa tatu.

Asubuhi moja mkewe alikuja kusimama juu yake. "Baba Simel, limekauka."

Akaligusa kwa mgongo wa kidole. "Bado linanata."

"Kunata kidogo kuna nini? Mpelekee."

"Nilimpelekea bichi mara moja. Si uliona?"

Loserian alingoja siku mbili nzima, na siku hizo mbili mkewe hakuongea naye.

Wageni walikuwa wameondoka zamani. Bwana Kamba alilisugua behewa kwa dole gumba, akatazama dole, akaona safi. Akaliweka rafuni nyuma ya mengine, akaandika karatasi. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Loserian alifika Nduruma alasiri. Msimamizi wa daraja aliisoma karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia. Kisha akaonyesha rundo jipya la mawe kando ya mfereji.

"Homa," alisema. "Juzi asubuhi."

Juzi asubuhi. Loserian alijiona amechuchumaa mlangoni kwake, mkewe amesimama juu yake, naye anagusa mti kwa mgongo wa kidole.

Kesho yake alipofika nyumbani, mkewe alikuwa nje anasafisha kibuyu cha maziwa. Alikwishachemsha supu, harufu yake ilifika njiani. Akachungulia nyuma ya mumewe, kwenye njia.

"Umemwacha wapi? Anatembea polepole? Miguu imeumizwa na mnyororo, eti?"

Loserian alisimama. Chini ya ukucha wake palikuwa na rangi nyekundu iliyokauka, ngumu kama jiwe.

"Nanyori," alisema.

Kibuyu kikamtoka mikononi.