Neno Nililomwandikia Kaka Msalabani

Hii aibu huwa siisimulii, maana hata sasa nikiikumbuka naona haya nikiwa peke yangu.

Kaka yangu Festo alifia Mafinga, kwenye mashine ya kupasua mbao. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne (kwa kusukumwa, lakini nilifika), nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Ningeandika Kiswahili tu, yangekwisha. Lakini nilisikia mabosi wake wanakuja kuzika, nikataka waone ukoo wetu nao una msomi, nikaingia kwenye simu kutafuta Kiingereza kizito, nikakutana na neno “nescient”. Maana yake sikuisoma. Niliona humo ndani mna kitu kama sayansi, nikajiambia hili ni la mtu mwenye maarifa, na Festo, aliyeishia darasa la tatu, alikuwa akiutazama mti wa paini umesimama anakwambia utatoa mbao ngapi. Nikamwambia na fundi aliandike kwa rangi msalabani, chini ya jina.

Kaburini nikalisoma mara tatu, kwa sauti. Neema, binti wa marehemu, anayefundisha Kiingereza Iringa, akainamisha kichwa; nikadhani ni majonzi. Msalaba uliposimikwa akanisogelea, akaniuliza polepole hilo neno nimelitoa wapi. Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamjibu mbele za watu kwamba mwalimu mzima hajui, maana yake ni mtu mjuzi.

Mama yake, shemeji yangu, akasikia, akamwambia aseme maana yake. Neema akakataa, mama akasisitiza. Ndipo akaeleza kwamba asili yake ni Kilatini, kwamba sayansi kweli imetoka kwenye neno la Kilatini la kujua, ila hili mwanzoni limewekewa ukanusho.

“Ni mtu asiyejua kitu, baba mdogo,” akasema. “Mjinga.”

Shemeji hakulia. Alinigeukia.

“Kazini walimwita hivyo miaka yote,” akasema. “Na wewe umemwandikia.”

Nikaazima kisu, nikapiga magoti kwenye udongo mbichi, nikaanza kukwangua, waombolezaji wamesimama, hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia. Rangi ilikuwa imeshanyonywa na mbao. Herufi zilififia, hazikufutika, mpaka tulipobadilisha msalaba siku ya arobaini.

Shemeji bado ananipokea, chai naletewa, ila mambo ya kuandika kwenye familia sasa anaandika Neema. Nami nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, palepale, kabla sijashika kalamu. Ningesema hivyo siku ile, kaka yangu angezikwa na heshima yake.